Mhuri wa Matembezi

Kitu nisichokipenda duniani ni kazi ya dakika za mwisho. Natanguliza hilo mapema, maana mkosi wote ninaotaka kukusimulia ulianzia hapo, kwenye huo uhodari wangu.

Naitwa Tunu. Asili yetu ni Pangani, lakini babu yangu alikuja Kasulu na marobota ya khanga, akanogewa na baridi ya huku, hakurudi tena. Mimi nimeolewa Kibondo, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa afisa utawala wa shirika moja la maji lililokuwa likihudumia kambi ya wakimbizi ya Nduta. Kazi yangu kubwa ilikuwa vibali. Mgeni akija kufanya kazi kwetu, awe Mzungu, Mkenya au Mrundi, mimi ndiye namhangaikia kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Akimaliza, mimi ndiye navirudisha Uhamiaji na barua juu yake, ijulikane kwamba fulani alikuja, akafanya kazi, akamaliza, akaenda kwao. Watu wanadhani kazi iko kwenye kumwingiza mtu nchini. Thubutu! Anayeingia hupokewa na kila mtu. Shughuli iko kwenye kutoka.

Mwaka huu wafadhili wakafunga mfereji. Tukaambiwa ofisi inafungwa tarehe thelathini Juni, kila mtu ashike njia yake. Wageni wakaondoka mmoja mmoja mpaka akabaki Manirambona peke yake, fundi wa pampu za visima. Ni Mrundi wa Mabanda, kijana wa miaka thelathini na moja, mrefu, mpole hadi anakera. Unamfokea, yeye anajibu, "Ni kweli, mama." Sasa mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

Huyu Manirambona alikuwa amechumbia. Binti mwenyewe anaitwa Winnie, fundi cherehani wa Kasulu mjini, mcheshi, mdomo kama wangu. Barua ya posa ilikuwa imeshapelekwa Rungwe Mpya kwa baba yake, Mzee Ndayikunda, mkulima wa mihogo na maharage. Mzee huyo aliingia Tanzania mwaka wa sabini na mbili akiwa mgongoni kwa mama yake, wakikimbia Burundi, na leo ni raia kama mimi na wewe. Cheti chake cha uraia anakiweka kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Posa aliikubali kwa sharti moja, na alilisema mbele yangu, maana mimi ndiye niliyekwenda kama mzazi wa kijana.

"Mimi nililetwa nchi hii kwa porini," alisema. "Binti yangu simpi mtu wa kupita porini. Kazi ikiisha utoke kwa barabara, na karatasi. Desemba urudi kwa barabara, na karatasi, uoe. Ukiwa na doa kwenye pasi yako, usije hapa kwangu."

Manirambona akajibu, "Ni kweli, baba."

Kwa hiyo mambo yote yalikaa kwenye kile kitabu kidogo cha pasi. Kikiwa safi, kuna harusi. Kikiwa na doa, hakuna harusi, na pengine hata kurudi Tanzania ikawa ndoto, kwa sababu mgeni aliyevunja masharti ya kibali anaweza akazuiwa pale pale mpakani. Nililijua hilo kuliko wote. Ndiyo maana tarehe tisa Juni, wiki tatu kabla ya mwisho wa mkataba, nikamwita ofisini.

"Lete vibali vyako vyote viwili."

"Si bado, mama?"

"Wewe unanifundisha kazi? Nataka nianze kuandaa barua ya kuvirudisha. Mimi sikimbizwi na tarehe."

Akatoa, akanipa. Nikavifungia kwenye kabati la chuma, funguo nikatia kwenye pochi. Nilijiona mjuzi kweli kweli. Ukiniuliza leo, nitakwambia kibali cha mtu hakitoki mkononi mwake mpaka siku ya mwisho ya kazi. Siku ile hukuniuliza.

Tarehe kumi na mbili mama yake Manirambona akafika kutoka Mabanda na dumu la mawese, kuja kumwona mkwe mtarajiwa. Alilala siku mbili, akamwona Winnie, akaridhika. Jumamosi tarehe kumi na nne akaaga.

Sasa hapa lazima nikueleze jambo la watu wa huku. Sisi wa pwani mgeni tunamsindikiza mpaka mlangoni, akizidi sana mpaka kona, tunarudi kuosha vyombo. Waha na Warundi hawana mchezo huo. Mgeni anasindikizwa mpaka yeye mwenyewe aseme, "Basi, rudini." Asiposema, mnakwenda naye. Na akiwa ni mama yako mzazi, kumwacha njiani kabla hajakuambia rudi ni kama umemfukuza. Mama yule hakusema rudi. Hakusema Kasulu, hakusema Munanila, hakusema Manyovu mpakani. Manirambona akamvusha na mzigo wake, pasi ikagongwa mhuri wa kutoka, akatembea naye upande wa pili mpaka akampandisha gari. Ndipo mama akasema, "Haya mwanangu, rudi."

Akarudi. Mvua ilikuwa imemwagika, pikipiki zimegoma, kijana akapiga mguu kwenye utelezi mpaka geti la Tanzania, viatu mkononi. Afisa wa zamu akamwomba pasi, akaitazama. Vibali havimo, vimelala Kibondo kwenye kabati langu. Akamuuliza, "Umekuja kutembea?"

Na Manirambona, Mrundi wa watu, ambaye kwao *gutembera* ni kwenda kwa miguu yako taratibu, na miguu yenyewe ina tope mpaka magotini, akajibu, "Ndiyo afande, natembea."

Afisa hakukosa. Aliuliza, akajibiwa. Akagonga mhuri wa mgeni wa matembezi.

Mimi hayo yote sikuyajua. Jumatatu kijana akaja kazini kama kawaida, akaendelea kukabidhi visima mpaka siku ya mwisho. Tarehe mosi Julai ndipo nikachukua pasi yake nikatoe kivuli cha kuambatisha kwenye barua. Nikafunua ukurasa, nikaona mhuri mpya. Nikavaa miwani. Nikaivua nikaifuta, nikaivaa tena.

"Manirambona! Hiki nini?"

"Ni mhuri, mama."

"Naona ni mhuri, mimi si kipofu! Tarehe kumi na nne uliingia nchini kama mtembezi?"

"Nilikuwa natembea, mama. Mvua ilinyesha."

Lahaula! Nilikaa chini. Unaelewa maana yake? Mtu aliyeingia kwa mhuri wa matembezi haruhusiwi kufanya kazi. Na huyu tangu tarehe kumi na sita mpaka thelathini, siku kumi na tano, alikuwa kazini, jina lake limo kwenye daftari la geti la kambi kila asubuhi. Doa lenyewe si ndilo hilo? Nikamweleza. Akakalia ndoo iliyokuwa pembeni ya mlango. Kisha akasema polepole, "Kama ningekuwa na kibali mkononi, ningemwonyesha."

Hakusema kwa kunilaumu. Ndiyo iliyoniuma zaidi. Angenitukana ningepata la kujibu.

Nikampigia bosi wetu. Bosi alikuwa ameshahamia Dar tangu Mei, anasubiri kazi nyingine. Nilimweleza kila kitu, akacheka.

"Dada Tunu, usinikuzie mambo. Andika barua kwamba mkataba wake uliisha tarehe kumi na tatu. Weka tarehe ya nyuma, gonga mhuri, kwisha habari. Tarehe kumi na nne alikuwa mtembezi kama watembezi wengine."

"Na daftari la kambini?"

"Nani ataliangalia? Nisikilize vizuri. Ikijulikana tulimfanyisha kazi mgeni wa matembezi, shirika ndilo litabanwa. Na aliyemchukulia kibali ni wewe. Kazi ya Kigoma unaitaka au huitaki?"

Hapo alinigusa penye jipu. Kuna shirika jingine Kigoma mjini lilikuwa limeniahidi kazi ile ile ya vibali kuanzia Agosti. Wanasubiri kitu kimoja tu: barua ya bosi wangu kwamba nimeondoka vizuri. Nina miaka hamsini na mbili. Mume wangu mgongo haumruhusu kulima. Nani mwingine ataniajiri mimi na miwani yangu?

Nitasema ukweli: niliiandika. Tena niliiandika vizuri, kwa lugha safi ya ofisini, mkataba ulikoma tarehe kumi na tatu Juni, tunamtakia kila la heri. Nikaichapa, nikaweka mbele ya Manirambona asaini kwamba amekubali.

Yeye husoma akifuata mstari kwa kidole. Kidole kikafika kwenye tarehe, kikasimama.

"Mama, hapa panasema niliacha kazi tarehe kumi na tatu."

"Ndivyo panavyosema."

"Na kisima cha zoni nane?"

"Kimefanyaje?"

"Nilikitengeneza tarehe kumi na tisa. Siku ile bomba liliponibana." Akanionyesha kidole gumba, kucha yote nyeusi. "Wale kina mama walikuwa wamepanga madumu tangu alfajiri, maji yakatoka, wakapiga vigelegele. Sasa kile kisima kitakuwa kimetengenezwa na nani?"

Hakuwa ananikejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Mimi nikapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Lakini wewe ndiye unayejua vibali, mama," akasema. "Ukiniambia nisaini, nasaini."

Akasaini.

Niliitazama ile saini mpaka macho yakaniwasha. Tarehe tisa alinipa vibali vyake hivyo hivyo, kwa sababu nilimwambia alete. Leo ananipa jina lake, kwa sababu nimemwambia asaini. Na Uhamiaji wakilifungua lile daftari la kambini, si atakuwa amefanya makosa mawili badala ya moja? La kwanza lilikuwa la ulimi tu. Hili la pili lingekuwa uongo, tena umesainiwa. Njia ya mwongo ni fupi, nilifundishwa chuo cha Kurani nikiwa sijaota hata meno ya utu uzima. Hasira zikanipanda, na safari hii sikuwa na wa kumfokea ila mimi mwenyewe. Nikaichukua ile barua nikaichana vipande vipande.

"Mama!" Manirambona akasimama.

"Nyamaza. Kaa kwenye ndoo yako."

Nikaandika nyingine. Mimi Tunu, afisa utawala, nilichukua vibali halisi vya mfanyakazi huyu kabla mkataba wake haujaisha, nikavifungia, bila kumpa nakala wala barua ya kusafiria. Kwa sababu hiyo alipovuka mpaka tarehe kumi na nne kumsindikiza mama yake hakuwa na cha kuonyesha. Alirudi, akafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, mpaka tarehe thelathini. Barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, na ilinichukua saa nzima. Nikagonga mhuri wa shirika kwa nguvu, meza ikalia. Bosi nikamtumia ujumbe: *Nimeandika ilivyokuwa.* Akanipigia mara saba. Sikupokea.

Afisa wa Uhamiaji wa Kibondo alikuwa safarini, tukaelekezwa Kasulu. Alhamisi asubuhi tukafika, Winnie akatukuta nje ya ofisi, sindano mbili bado zimechomekwa kifuani kwenye blauzi. Macho mekundu.

"Baba amesikia," akatuambia. "Nilimwambia mwenyewe, sijui kumficha kitu mimi. Amesema posa isimame kwanza. Mama Tunu, hii kitu ikikwama, mimi nimekwisha."

"Usinililie hapa, nitaanza na mimi," nikamwambia. "Ingia ndani."

Afisa alikuwa mwanamama wa rika langu. Alisoma barua, akasoma pasi, akasoma barua tena. Kisha akamgeukia Manirambona.

"Uliulizwa umekuja kutembea, ukasema ndiyo?"

"Nilikuwa natembea, afande. Pikipiki zilikataa, kwa sababu ya tope."

Yule mama akamtazama. Akatazama miguu yake. Nikaona mdomo unamcheza, akakohoa akauweka sawa. Winnie akaangua kicheko huku machozi yanamtoka, akajiziba kwa mkono.

"Hili ni jambo la kucheka?" afisa akauliza.

"Samahani, afande. Ndivyo alivyo. Siku ya kwanza nilimwambia karibu tena, akarudi baada ya dakika tano."

Afisa akaomba vibali. Nikavitoa kwenye bahasha, nikaviweka mezani. Akavikagua tarehe, akaandika kitu pembeni.

"Hiki kibali kilikuwa hai mpaka tarehe thelathini," akasema. "Hakijafutwa. Kilikuwa kimefungiwa kabatini tu. Haki ya kufanya kazi alikuwa nayo, ila hakuwa nayo mfukoni. Mhuri wa matembezi nitauandikia maelezo na kuubatilisha. Yeye ana siku saba za kufunga virago na kuaga watu, kisha atoke Manyovu. Kwake hakuna kosa." Hapo akanyanyua uso. "Kosa liko kwa mwajiri. Mwajiri ni nani hapa?"

Niligeuka nyuma, wallahi, kama mtu anayetafuta aliyeitwa. Kulikuwa na ukuta na kalenda. Bosi yuko Dar anapiga simu. Wakubwa wa juu yake wamepanda ndege zamani. Bango la shirika nililing'oa mwenyewe na mlinzi siku mbili kabla.

"Mimi," nikasema.

"Wewe ndiye mkurugenzi?"

"Mimi ndiye niliyebaki."

Akaigonga barua yangu kwa kalamu. "Unaelewa kwamba barua hii inakutia hatiani wewe? Faili litakwenda mkoani. Utaitwa kutoa maelezo."

"Naelewa, afande. Niliiandika mwenyewe."

Akanisogezea fomu. Penye mstari wa mwajiri nikaandika jina langu, nikasaini. Miaka kumi na tisa nimekuwa *muulize Bi Tunu*, *mwambie Bi Tunu achape*, *Bi Tunu lete chai ya wageni*. Cheo cha mwajiri nimekipata siku moja, kwenye kaunta ya Uhamiaji, na nilipewa ili nishitakiwe. Ukicheka ni haki yako. Mimi siku ile sikucheka. Tulipotoka nilikwenda mpaka kwenye chumba cha Winnie cha kushonea, nikakaa nyuma ya pazia la kupimia nguo, nikalia mpaka nikatosheka. Kazi ya Kigoma nilijua imekwenda. Na kweli, jioni ile ile bosi akanitumia ujumbe kwamba barua yangu ya utumishi hataiandika. Manirambona alisimama nje ya pazia, akasema, "Pole, mama." Nikamwambia aende zake kabla sijamrushia mkasi.

Sijui kama nilifanya vema. Mume wangu anasema nimefanya vema, lakini anasema akiwa ametazama pembeni. Mashoga zangu wa Kibondo wanasema nimejitia kitanzi kwa ajili ya mtoto wa watu. Mimi najua tu kwamba kosa lilikuwa langu, na lilikuwa linakwenda kukaa kwenye pasi ya mtu mwingine maisha yake yote, na mwenye pasi alikuwa tayari kulisainia kwa kuniamini. Hilo nisingeweza kulala nalo. Kukosa kazi nimewahi kulala nako, na asubuhi niliamka.

Tarehe kumi Julai tulikwenda Manyovu kumsindikiza, mimi na Winnie. Tulifika asubuhi, ukungu bado umelala kwenye migomba. Pale karibu na geti, juu ya jiwe, alikuwa amekaa Mzee Ndayikunda na koti lake la kanisani. Alikuwa amelala kwa ndugu zake Munanila na kudamka kwa miguu. Winnie hakujua kwamba atakuja.

"Mwakeye, mzee," nikamsalimu kwa Kiha changu cha sokoni.

Akaitika, lakini macho yake yalikuwa kwa Manirambona. Hakumpa mkono. "Nimekuja kuona," akasema. "Nyie mnasema safi, safi. Nataka kuona."

Manirambona akaenda dirishani. Tulimwona akitoa pasi, akijibu maswali. Safari hii nilikuwa nimemwonya: ukiulizwa jambo usilolielewa, omba uulizwe tena. Afisa akasoma yale maelezo ya Kasulu, akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. Winnie alinishika mkono, kucha zikaniingia. Kisha tukausikia mhuri, mara moja.

Kijana akatoka, akaja pale kwenye jiwe, akampa mzee pasi imefunuliwa. Mzee Ndayikunda herufi hazijui sana. Aliileta karibu na uso, akaupitishia ule mhuri kidole gumba, wino ukamchafua kidogo. Akanisogezea.

"Mama, hapa wameandika nini?"

"Wameandika ametoka."

"Ametoka."

"Ametoka Tanzania tarehe kumi Julai, kwa njia ya Manyovu."

Lori la ndizi likapita, mzee akalisubiri liishe kelele.

"Mimi nimeandikwa sana," akasema. "Kila tulipopelekwa walitupanga foleni wakatuandika: wamefika. Wakatuhamisha, wakaandika tena: wamefika. Baba yangu amekufa ameandikwa amefika, amefika, amefika. Kule tulikotoka hakuna mtu aliyeandika kwamba tumetoka. Tulitoka usiku, ugali uko jikoni. Huenda mpaka leo kwenye vitabu vyao tumo ndani ya nyumba."

Akaifunga ile pasi taratibu, akaipangusa kwenye koti lake, akamrudishia Manirambona kwa mikono miwili.

"Haya, mkwe," akasema. "Nenda. Usichelewe kurudi."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Winnie alilisikia, mimi nililisikia, na Manirambona alisimama pale na pasi yake mkononi, akasahau hata kuitikia.